Waliona Keki, Hawakuona Msiba

Maman Sakina alinipigia simu Jumapili, saa ambayo anajua wazi kwamba niko mezani, akasema bila hata salamu, "Espe, ule mutandao umenitumia ujumbe tena. Ati ukurasa wetu ni wa zamani, tuuhamishe ao watauzima. Kuja." Nikamwambia, "Maman, jiko ulilifunga zamani. Ukurasa wa jiko lisilowaka ni wa kazi gani?" Akasema, "Kuja, nimesema," akakata. Nikaiacha sahani yangu na samaki wangu, nikapanda tramu hadi Berchem-Sainte-Agathe anakokaa siku hizi kwa ajili ya goti lake, na njia nzima nilikuwa nimenuna. Ninauchukia ule mtandao. Jina lake sitalitaja, kwanza mnalijua, pili halistahili. Kila walipobadilisha kitu kulikuwa na mtu fulani amekaa mahali penye joto akatuandikia "tumeboresha", na mimi huku nimeshika kichwa kwa mikono miwili. Mwaka ule waliboresha mpaka wakatuzikisha mtu karibu peke yake, mtu ambaye katika maisha yake yote hapa Brussels aliomba kitu kimoja tu, asizikwe peke yake. Nilidhani nimesahau. Kumbe nilikuwa nimenyamaza tu, na kunyamaza si kusahau.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa na cheti cha sekretarieti ambacho hakuna ofisi iliyokitaka, nikaenda kumenya vitunguu kwa Maman Sakina. Jiko lake lilikuwa chini ya nyumba moja kuukuu huko Saint-Gilles, upande wa stesheni ya Gare du Midi, zile nyumba nyembamba zenye vyumba vitatu vilivyopangwa kama mabehewa. Chumba cha mbele kilikuwa na dirisha la barabarani na viti vya wateja. Cha nyuma ndicho kilikuwa jiko, mvuke hadi darini, harufu ya bizari na iliki imeingia ukutani, hata ungelipaka rangi mara tatu isingetoka. Cha katikati hakikuona jua mwaka mzima. Humo ndimo lilikuwamo friza kubwa la nyama ya mbuzi, na juu ya friza, kompyuta. Nilifanya kazi ya ukurasa nimesimama, tumbo limegusa bati la baridi, na kila mota ilipowaka herufi zilitetemeka mbele yangu. Maman Sakina alipogundua kwamba naandika bila kutazama vidole, aliwaita wanawake wote waje kuona. "Angalieni mutoto wa Uvira! Anapiga kama cherehani!" Tangu siku ile vitunguu vikawa nusu ya kazi yangu, ukurasa nusu ya pili, na mshahara ule ule.

Yeye ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura, Mwislamu wa kuswali swala tano, na mikono yake ilipika harusi, akika na kila aina ya karamu. Lakini kilichompa jina ni matanga. Mtu wetu akifa katika mji huu, awe Mrundi au Mkongomani, Mwislamu au Mkristo, familia kabla hata ya kufikiria jeneza ilimpigia Maman Sakina kuuliza mchele kilo ngapi. Ndiyo maana habari za kifo zilimfikia kwanza. Zamani alikuwa anawapigia simu watu watano, kila mmoja wao anawapigia wengine watano, na kufika jioni watu wetu wa mji mzima wanajua. Halafu ukurasa ukaja. Siku za mwanzo ukiandika neno, watu wote elfu tatu waliotufuata wanaliona, basi tukawa tunaandika misiba pale: nani amekufa, matanga ni wapi, mazishi ni saa ngapi. Watu wakazoea. Ukimuuliza mtu kama amesikia, anakujibu, "Non, bado sijaangalia ukurasa." Ule mnyororo wa simu ukashika kutu, na hakuna aliyeulilia.

Sasa kuna jambo moja ambalo waliotengeneza ule mtandao hawakulijua, na wangelijua wapi. Chini ya kila tangazo kuna kidole gumba kimesimama, na kwa Kifaransa pameandikwa j'aime, yaani napenda. Sisi kwenye picha ya harusi tulibonyeza mpaka simu zikapata moto. Kwenye kifo hakuna aliyegusa. Hata mtu asingekuambia usiguse, ungejuaje kugusa? Mtu amekufa, wewe unaandika napenda? Baba mmoja wa mtaa wa Ganshoren aliteleza kidole akiwa ndani ya basi, akaweka j'aime kwenye tangazo la kifo cha mume wa mtu, na ile habari ilitembea jikoni kwetu wiki nzima juu ya maganda ya vitunguu. "Alikuwa anamuchukia marehemu, mimi nilijua tangu zamani." "Ee, walikosana kwa mambo ya gari." Yule baba maskini ilibidi aende kwa mjane na mfuko wa sukari na shemeji zake wawili kuomba radhi. Tangu hapo watu walipopita kwenye tangazo la msiba walishika simu kwa ncha za vidole, kama mtu aliyebeba yai.

Na hapo ndipo nimlete Papa Rajabu. Alikuwa anakaa Ganshoren, ghorofa ya juu kabisa ya jengo refu, peke yake. Huko Bujumbura aliendesha malori, huku hakuendesha chochote isipokuwa lile birika la maji. Kwenye kila matanga yeye ndiye alipita na birika na beseni, taulo begani, akiwamwagia watu maji ya kunawa. Msiba ukiwa wa Waislamu alikuwa na kazi ya pili ambayo hakupewa na mtu: kuhesabu. Kabla ya sala ya maiti ungemwona anapita nyuma ya safu, midomo inacheza. Alipomaliza kuhesabu alikuwa anakuja kwetu chumba cha mbele kula ukoko wa pilau, ambao Maman Sakina alimkwangulia yeye tu, na siku moja nikamuuliza anahesabu nini.

"Arobaini," akasema. "Mutu akisaliwa na watu arobaini, maombi yao hayarudi bure. Hivyo tulifundishwa. Mimi hapa nimemusalia kila mutu, hata wale sikuwajua sura. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini, papa?"

"Sina mutoto, sina ndugu. Niko natafuta arobaini yangu. Nikienda kwa watu, na watu watakuja kwangu."

Nikamwambia, "Kumbe papa una kadi kama ile ya supermarché, kila ukienda wanakubandikia alama!" Akacheka mpaka ukoko ukampalia, nikampiga mgongo. Alipopata pumzi akasema, "Wewe cheka tu. Wewe Mukristo, hawatakuhesabu kwenye safu. Lakini siku yangu utaleta chai, na utaandika muzuri kwenye ukurasa. Na musiweke ile picha yangu ya kofia." Maman Sakina akapiga kelele kutoka jikoni kwamba kama hataki picha ya kofia basi aache kuvaa ile kofia, kwani inatisha watoto. Nakumbuka tulivyocheka siku ile. Mpaka leo nikikwangua sufuria namwona amekaa pale na kijiko chake, anasubiri.

Mabadiliko ya kwanza yalikuja asubuhi moja tu, bila hodi. Nilifungua ukurasa nikakuta nyumba imepinduliwa: picha kubwa imelala juu kama shuka, namba yetu ya simu imefichwa, matangazo yamechanganyika, la juzi chini ya la mwaka uliopita. "Tumekurahisishia," wakaandika. Wamerahisisha! Nilisimama kwenye lile friza siku nzima mpaka tumbo likafa ganzi, natafuta mahali walipoweka kitufe cha kupokea oda. Hayo niliyamaliza kwa matusi kidogo ya Kifuliiru, lugha yetu ya Uvira huko Kongo, ambayo Maman Sakina, Mungu saidia, haelewi. Mabadiliko ya pili hayakutangazwa na mtu yeyote. Niliyaona mwenyewe, polepole, kwa sababu chini ya kila tangazo waliweka namba ndogo ya watu waliofikiwa. Keki ya harusi: elfu mbili. Sambusa za Idi: elfu moja na kitu. Kifo cha Maman Hadija: tisini. Nikasema labda watu wako likizo. Kifo kilichofuata: sitini.

Ilinichukua wiki kuelewa, na nilipoelewa nilikaa juu ya gunia la mchele. Mashine haikuwa tena inawaonyesha watu wote. Iliwaonyesha wachache kwanza, kama kuonjesha mchuzi. Wale wachache wakibonyeza j'aime, inasema aah, kitamu, inawapelekea wengine. Wakinyamaza, inasema hiki hakifai, inakificha. Na sisi kwa kifo tunanyamaza, ndiyo adabu tuliyolelewa nayo. Basi ile adabu yetu ndiyo ilikuwa inazika matangazo yetu. Wakati huo huo jikoni nilikuwa nasikia wanawake wanasema juu ya visu vyao, "Siku hizi watu roho zimekauka. Arobaini ya Hadija walikuja wangapi? Aibu!" "Ulaya imewabadilisha, dada." Nami nikitaka kusema kwamba hawajabadilika, hawakuona tu, wananiangalia kama mtu anayemtetea mwizi.

Nikaenda kwa Maman Sakina. Alikuwa anakoroga sufuria kubwa na mwiko mrefu, jasho linamtiririka. Nikamweleza mambo ya kuonjesha, mambo ya j'aime. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Bon. Alors iambie hiyo mashine kwamba kifo ni kifo."

"Maman, haina masikio."

"Iandikie."

"Nimeiandikia. Wamejibu wamepokea maoni yangu, asante."

"Na wanasema nini juu ya maiti?"

"Hawasemi kitu. Wanasema tukilipa, watu wengi wataona."

Mwiko ukasimama. "Nilipe ndio watu wasikie kwamba mutu amekufa? Weee! Hata serikali haijafika huko."

Nikasema lile nililokuja kusema. "Basi tuwaambie watu wabonyeze, maman. Tuwaeleze kwamba si furaha, ni njia tu ya kupeleka habari." Alinigeukia na sura ambayo sijawahi kuisahau. "Espérance," akasema, na akiniita jina zima najua nimekwisha, "katika ukurasa wenye jina langu hakuna mutu atakayesema anapenda kifo. Hata kama ni mashine inataka. Sikia? Mashine si mukubwa wangu." Nikamwambia basi turudie simu, wale watano watano. Akasema nani ana nafasi ya kupiga simu siku hizi, watu wamezoea ukurasa, waje kwenye ukurasa. Nikamjibu vibaya, akanijibu vibaya zaidi, nikarudi kwa friza nikafunga mlango kwa kishindo mpaka picha ya Maka ikaanguka ukutani, halafu nikarudi kuitundika kwa aibu. Hivyo ndivyo tulivyoishi miezi ile. Kila nilipoandika msiba nilijua naandika ndani ya shimo, na kila nilipolisema hilo nilionekana msumbufu.

Papa Rajabu alikufa hospitalini mwisho wa wiki, ghafla, moyo. Komini, yaani manispaa, ikatoa nafasi ya kaburi Jumanne asubuhi, siku ya kazi, saa ambayo watu wetu wote wako kwenye ofisi za wenyewe na ndoo za maji ya sabuni, au kwenye nyumba za wazee wanawaogesha. Niliandika tangazo kwa mikono yangu. Nikatafuta picha isiyo na kofia. Niliandika jina lake, mahali, saa, na mwisho nikaongeza, "Papa Rajabu alitusalia sote. Njooni tumsalie." Niliweka Jumapili mchana. Saa ile ile akaingia shangazi wa bibi harusi mmoja, mkono mmoja simu mkono mmoja mkoba, anataka picha ya keki ya Jumamosi iwekwe sasa hivi, alishawaahidi watu. Keki ya ghorofa tatu, dhahabu tupu. Nikamwambia Maman Sakina tungoje. Akasema weka, mwenye harusi hana kosa, kifo na harusi vinaishi nyumba moja tangu Adamu. Nikaweka.

Jumatatu asubuhi keki ilikuwa imefika watu elfu mbili na mia. Papa Rajabu, arobaini na moja. Nilipoiona ile namba nilishtuka, nikadhani Mungu ananitania, kwani kuona si kuja. J'aime hata moja haikuwepo, na heshima yote ikawa imetimia. Nikapiga kelele. Nikatoa kile kitabu cha zamani cha namba za simu nikaanza kupiga. Namba nusu zilikuwa zimekufa, nusu zilizobaki ziliita ndani ya makabati ya kazini, na mimi nikawa naziachia sauti yangu mashine za kujibu, moja baada ya nyingine. Maman Sakina hakunisaidia. Alikuwa anaosha mchele, beseni baada ya beseni. "Watakuja," akawa anasema. "Rajabu amezika kila mutu katika muji huu. Watakuja tu." Akapika pilau ya watu mia mbili.

Jumanne kulikuwa na yale manyunyu ambayo si mvua wala si ukungu. Sisi wanawake tulibaki kwenye geti la makaburi, kama desturi, mimi na termosi mbili za chai. Wanaume walikuja mmoja mmoja, mabega juu. Wakasimama safu moja ambayo haikufika mwisho wa njia. Maman Sakina alikuwa pembeni yangu, midomo inacheza, nikajua anahesabu kwa niaba yake, kwani mhesabuji mwenyewe alikuwa ndani ya sanduku. Kumi na watatu. Shehe akaangalia saa, akaangalia geti, akangoja. Mlinzi wa makaburi akaja kwa upole kuniambia kwamba kuna familia nyingine saa tano, haiwezekani kuchelewa. Nilimwachia termosi mikononi nikatoka mbio. Nje kule walikuwa wanatengeneza reli ya tramu, vijana wa Kimoroko na wa Kituruki wenye makoti ya rangi ya machungwa. Nikasimama mbele yao nahema, nikawaambia kwa Kifaransa, kuna Mwislamu pale ndani, mzee, hana mtu. Hawakuniuliza swali. Watano wakaweka chini vyuma, wakanawa kwa maji ya pipa, wakanifuata, matope hadi magotini. Kumi na wanane. Maman Sakina alihesabu mpaka mwisho wa safu, halafu akaanza tena kutoka upande wa pili, taratibu, kama mtu anayetafuta ufunguo mahali alipokwisha tafuta. Halafu shehe akainua mikono, wakasali, wakamfukia.

Pilau ilibaki. Sijawahi kuona kitu cha kuudhi kama sufuria kubwa ya pilau isiyoguswa, mafuta yameganda juu. Tulipeleka kwa kituo cha wasio na makazi pale stesheni, na ukoko hakuna aliyeukwangua. Halafu kuanzia Jumatano wakaanza kuja. Mmoja mmoja, wengine kwa hasira, wengine kwa machozi, wamesimama chumba cha mbele na makoti yao yenye maji. "Kwa nini hamukutuambia?" "Kwenye matanga ya mume wangu Papa Rajabu ndiye aliwamwagia watu maji ya kunawa! Ningeacha kazi, ningekuja!" Na mama mmoja, mnene, mpole, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, akaniangalia mimi akasema, "Espe, tuliona keki. Keki tuliona wote. Kwa nini tuliona keki, hatukuona kifo?" Nikaanza kumweleza mambo ya mashine na kuonjesha, nikaishia njiani, nikarudi kwenye kompyuta yangu. Nilichoka. Nilikuwa nimeeleza mwaka mzima. Maman Sakina alitoka jikoni, akapita katikati yao, akaja mpaka kwenye friza, akasema, "Futa keki." Nikafuta. Shangazi wa bibi harusi alinuna miezi miwili, na haikusaidia kitu.

Baada ya hapo tulihangaika. Niligundua kwamba mashine inahesabu pia maneno ambayo watu wanaandika, si vidole tu, basi tukawaambia watu, kwenye msiba kila mmoja aandike Amina. Hilo Maman Sakina alilikubali, Amina si napenda. Watu wakaandika. Amina, Amina, Amina, mia mbili kwa siku, mpaka nikaanza kuwa na tumaini. Wiki ya tatu mtandao ukatufungia ukurasa mwezi mzima: ati maneno yanayojirudia ni kazi ya roboti. Roboti! Mjane wa watu analia nyumbani kwake, wazee wanamwombea, ninyi mnasema roboti! Nililia kwa hasira mbele ya lile friza, kweli nililia. Mwisho tukarudia simu, watano watano, kwa kitabu kipya cha namba, na misiba ikajaa watu tena kama zamani, ukurasa ukabaki wa harusi na Idi tu. Miaka michache baadaye wale wakubwa wakaleta kisura cha manjano chenye chozi, mtu abonyeze akisikitika. Nilimwonyesha Maman Sakina. Akakitazama, akasema, "Wamechelewa. Na ile chozi ni ya nini, ya ugonjwa wa macho?" Akarudi kwa mwiko wake.

Ndiyo hayo niliyokuwa nayo kichwani nilipofika Berchem Jumapili ile na njaa yangu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, goti juu ya mto, ile tableti ya mjukuu mapajani. Pilau ilikuwa inanisubiri imefunikwa sahani, kwa hiyo nilimsamehe nusu. Nikala, halafu nikaanza kuuhamisha ukurasa: endelea, endelea, thibitisha, una uhakika, nina uhakika, tumetuma namba, namba haijafika. Nilikuwa nimeanza Kifuliiru changu chini chini alipoweka mkono juu ya wangu. "Kabla hujahamisha, nionyeshe Rajabu."

Ikanichukua muda kumtafuta chini huko, chini ya harusi na Idi za miaka yote. Tukamkuta. Sura yake bila kofia, kipara kinang'aa, na maneno yangu chini yake. Chini ya maneno hakuna kitu. Hakuna kidole, hakuna Amina, hakuna chozi. Maman Sakina alitazama kwa muda mrefu, akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. "Kile kidole walichokuwa wanakitaka kiko wapi?"

"Maman. Wewe?"

"Kiko wapi, nimekuuliza."

Nikamwonyesha. Akabonyeza kwa nguvu, kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango. Roho iliniuma, sijui kwa nini nikasema, "Maman, sasa kitasaidia nini, kimoja?" Akasema, "Kidole kimoja hakivunji chawa, najua, nilizaliwa kabla yako. Niache." Nikaenda kupika chai.

Maji hayajachemka, tableti ikalia. Halafu tena. Nikarudi na kijiko mkononi. Ile mashine, ambayo mwaka ule haikutaka kumwonyesha mzee wa watu kwa mtu yeyote, ilikuwa imeonja kile kidole kimoja cha mwenye ukurasa, ikaona kitamu, ikaanza kumgawa Papa Rajabu mji mzima. Na nani siku hizi anasoma tarehe? "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun." "Jamani Papa Rajabu! Poleni sana." "Kumbe alikuwa hai bado? Mungu amulaze." "Maman Sakina, matanga ni wapi? Tuko njiani." Nikasema, "Yesu wangu," nikavuta tableti niandike kwamba ni tangazo la zamani. Akanipiga kofi la mkono.

"Maman, watu wanadhani amekufa leo!"

"Kwani amefufuka?"

Simu yake ikaita. Ilikuwa ni yule mama mnene, mpole, sauti imejaa machozi, anauliza sala ni saa ngapi. Maman Sakina akasema, sauti kavu kabisa, "Kuzika tulishazika. Lakini hitima ni kesho, hapa kwangu, baada ya alasiri. Waambie watu watano." Akakata, akanigeukia. "Shuka kwenye cave, kile chumba cha chini ya jengo, ulete sufuria kubwa."

Walikuja. Wengine walikuwa wameshagundua tarehe njiani, mmoja akaanza kunung'unika mlangoni kwamba amedanganywa, mwenzake akamwambia vua viatu uingie, ulikuwa wapi siku ile? Wakajaza sebule, wakajaza korido, waliobaki wakakaa kwenye ngazi za jengo, na jirani Mbelgiji akawapita taratibu na mbwa wake, akisema pardon, pardon. Ndani walianza kusoma. Sisi tulikuwa jikoni, mlango nusu wazi, pilau imeiva, termosi zimejaa. Maman Sakina alisimama akiegemea fimbo yake, anatazama viatu vilivyotapakaa kwenye korido hadi chini ya ngazi, midomo inacheza. Alihesabu mpaka mwisho. Halafu akaanza tena kutoka upande wa pili.

"Arobaini imepita," akasema. "Peleka chai."